Taarifa ya Mwenyekiti mwaka 2025: hali ya ziwa, ile ghuba, na ada

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wavuvi hapa Ziwa Victoria, salamu kwenu wa mwaloni, hapa tunaposhushia samaki, na nyie mlioko visiwani Ukerewe na Kome. Shughuli za kawaida mnazijua, doria tumefanya, mizani mpya ipo, misiba tumehudhuria, magugu maji tumetoa tulivyoweza. Tuendelee.

Ziwani dagaa ndo wametubeba. Giza likiingia watu wamepata, mbalamwezi ikitoka tunapumzika maana taa zetu za kuvutia dagaa hazikusanyi kitu. Sangara wamepungua, na narudia kwa wale wanaotega chini kabisa miezi ya joto, Januari mpaka Aprili maji ya chini kule kwenye kina yanakosa hewa, samaki hakai huko, nyavu inatoka tupu. Upepo wa kusi wa Juni mpaka Agosti ndo unachanganya maji, hapo sangara anarudi chini. Na sangara wa chini ya sentimita 50 sheria imekataza, na wale wakubwa ndo mama wazazi, tuwaache.

Sasa ile ghuba. Nimesemwa sana kwamba niliifunga watu wasivue humo Machi mpaka Juni kwa sababu mimi navua mbali haininyimi kitu. Si kweli, mtumbwi wangu mdogo ulikuwa unategemea hapohapo na nimeupaki kama wengine. Sato jike anabeba mayai mdomoni, na vifaranga wakishatoka wakihisi hatari wanarudi humohumo, na pale kwenye matete ndo mazalia yao, ukimtoa na timba umetoa kizazi kizima kwa samaki mmoja ambaye hata kilo hafiki. Timba na kokoro ni zana haramu, zimekatazwa tangu zamani, sijatunga mimi. Afisa uvuvi alikuwepo, muhtasari umesainiwa, BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni, wameridhia. Kikao kile cha kuifunga ghuba walikuja watu 19, kwenye chama cha watu 112! Mtu hakuja, simu hakupokea, halafu anasimama kijiweni anasema hajashirikishwa. Mama zetu wachuuzi walilalamika na nawaelewa, kuna nyumba zilipata shida kweli, lakini Julai tulipofungua waliopokea sato wa kilo ni haohao, na hakuna aliyekuja kusema mwenyekiti asante. Nilisimamia usiku na mchana na nikiambiwa leo nitaifunga tena.

Ada ni 5,000 kwa mwezi. Waliomaliza mwaka 38, waliolipa nusu 27, waliobaki 47 hawajatoa hata mia. Tumekusanya 3,090,000 badala ya 6,720,000, mafuta ya doria 1,450,000, rambirambi 700,000, mizani 380,000, zimebaki 560,000. Inaniuma, maana ukimdai mtu wakati wa giza anasema subiri nianike kwanza, ukimdai mbalamwezi anasema hatujaingia ziwani, na huyohuyo akifiwa anategemea rambirambi ya chama ifike siku hiyohiyo. Mhazini ana daftari, kila mtu aje aangalie jina lake.

Mwakani natamani tupate chanja za kutosha dagaa wetu waache kuanikwa mchangani, bei itapanda. Na vizimba vya kufugia samaki ziwani pia, Januari 2024 Rais Samia alikabidhi boti na vizimba hapahapa Mwanza, wenzetu wameshaanza kufuga, nimeanza kuulizia mkopo na Mungu akijalia na sisi tutaingia. Ghuba itajadiliwa kikao kijacho kabla ya Machi, mje.