Barua kwa Mhariri: Wiki ya mbunge jimboni isiishie kwenye picha

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ile taarifa yenu ya wiki nzima ya mbunge jimboni, nikairudia mara ya pili, maana hii kazi naijua kwa ndani. Nilikaa miaka sita kwenye meza ya mapokezi ya ofisi ya mbunge mmoja, jina nalihifadhi, na ofisi zingine nitakazozigusa humu sitazitaja. Kazi yangu ilikuwa kupokea watu, kufungua barua, kupokea simu na kutunza mafaili. Naomba nafasi niseme kitu ambacho taarifa za namna hii karibu zote zinakiacha nje.

Kwenye taarifa yenu mbunge Jumatatu alikuwa shuleni, Jumanne kituo cha afya, Jumatano kikao na wafanyabiashara wadogo, Alhamisi kukagua barabara, alafu Ijumaa mmeandika "alisikiliza kero za wananchi ofisini". Basi. Siku nne zimepata picha na aya ndefu, Ijumaa imepata mstari mmoja. Mhariri, Ijumaa ndo kazi yenyewe.

Sisemi ziara hazina maana, hapana. Mbunge asiyetembea anaenda kusema bungeni vitu alivyoletewa kwenye makaratasi, na makaratasi ya serikali siku zote yanasema kila kitu kinaendelea vizuri. Nakumbuka siku moja tulienda kituo cha afya tukiwa na ripoti mkononi inayosema jenereta lipo, na kweli lipo, tumelishika kwa mkono, ila halina mafuta na fundi hajakanyaga pale mwaka mzima, sasa hilo utalijuaje ukiwa umekaa bungeni? Lakini ziara ina kasoro yake, watu wanajua unakuja. Panafagiwa, panapakwa rangi, msemaji anachaguliwa mapema na anaambiwa aseme nini. Mwenye shida yenyewe amesimama nyuma kabisa, kipaza sauti hakimfikii, na mkutano unafungwa hajaongea.

Huyo wa nyuma ndo anakuja Ijumaa. Anakuja na mfuko wa plastiki una karatasi za miaka, zingine zimekunjwa mpaka zinachanika kwenye mikunjo, na kitu cha kwanza anachosema ni samahani kwa usumbufu. Nusu yao hawajui hata shida yao ni ya ofisi gani. Kuna la diwani, kuna la mahakama, kuna la wizara, kuna la ndugu wawili wanaogombana tu na hakuna sheria itakayowasaidia. Kumwelekeza mtu mlango sahihi peke yake ni msaada mkubwa, watu wanazungushwa miaka kwa sababu tu walianzia mlango usio wao.

Na hapa lazima niseme ukweli kuhusu nguvu ya mbunge maana wengi wanadhani anaweza kumwamrisha afisa yeyote. Hawezi. Hukumu ya mahakama haigusi, afisa wa wizara hamwajibishi yeye moja kwa moja, na hana pesa ya wizara mfukoni. Alichonacho ni barua yenye nembo ya bunge, haki ya kumuuliza waziri mbele ya watu wote, na nafasi ya kumkuta waziri huyo huyo kwenye korido akamwambia "bado nasubiri lile jibu". Ukivitumia hivyo vitatu bila kuchoka vinafika mbali, usipovitumia unabaki kumwambia kila mtu "nitalishughulikia", na hilo neno nimelisikia mpaka likaniumiza, maana yule mtu anaenda nyumbani na matumaini alafu mimi ndo nakutana naye tena baada ya miezi minne.

Nitoe mfano. Mama mmoja alifuatilia pensheni ya marehemu mume wake miaka mitatu. Jina la mume kwenye cheti cha ndoa lilitofautiana herufi moja na jina lililoko kwenye faili la kazi. Herufi moja! Akienda dirishani anaambiwa alete kiapo, akileta kiapo anaambiwa kilitakiwa kuandikwa kwa namna nyingine, akirekebisha anamkuta mtumishi mpya anaanza naye upya. Alipofika kwetu hatukufanya muujiza wowote. Alisaini idhini, kwa sababu huwezi kuulizia mambo ya mtu bila ruhusa yake ya maandishi, tukatoa nakala za kila kitu, tukaandika barua ya ukurasa mmoja yenye maswali matatu tu: faili liko wapi, kinakosekana nini, nani anaamua. Nikaandika kwenye daftari tarehe ya kukumbushia. Wiki tatu kimya, tukaandika tena. Wiki ya sita tukapiga simu tukaambiwa faili liko mezani kwa mtu aliyeko likizo, tukauliza anarudi lini, tukapiga siku ile ile aliyorudi. Mwezi wa tano tangu tuanze kufuatilia, mama akalipwa. Hakuna picha iliyopigwa na sidhani kama mbunge mwenyewe alilisema popote.

Ila lililofuata ndo lilinifungua macho. Wakati nafunga faili la yule mama nikapitia daftari nikakuta wengine tisa wana tatizo la jina kama lake. Nikampelekea mbunge ile listi. Akaacha kuandika barua moja moja, akapeleka swali bungeni akitaka kujua kwa nini hakuna utaratibu mmoja wa kurekebisha tofauti ndogo za majina, na waziri ikabidi asimame ajibu, jibu likaingia kwenye hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za bunge, na kuanzia hapo tukawa na kitu cha kunukuu kila tulipoandika barua. Yaani kero ya mtu mmoja ukiitunza vizuri kwenye daftari inageuka kuwa hoja ya kubadilisha utaratibu, na ukiipoteza inabaki kuwa bahati mbaya ya mtu mmoja.

Kuna mfano mkubwa zaidi wa hili kule Uingereza. Kuanzia 1999 shirika la posta la huko lilianza kutumia programu ya kompyuta inaitwa Horizon, ikawa inaonyesha upungufu wa pesa kwenye ofisi ndogo za posta, na waendeshaji wa hizo ofisi wakashtakiwa kwa wizi na udanganyifu, zaidi ya watu 900 wakatiwa hatiani kwa miaka ile. Mbunge James Arbuthnot alikuwa na wapiga kura waliokumbwa na hilo, mmoja wao Jo Hamilton, na mwaka 2009 akaiandikia serikali akajibiwa kwamba hayo ni mambo ya uendeshaji wa shirika lenyewe. Angeweza kuishia hapo, barua imejibiwa, faili limefungwa. Hakuishia. Alitafuta wabunge wengine, akakuta nao wana watu wenye hadithi hiyo hiyo, wakaungana. Mwaka 2019 mahakama kuu ikasema ile programu ilikuwa na hitilafu, na mwaka 2024 bunge likapitisha sheria ya kuzifuta zile hukumu. Hiyo ni miaka 15 tangu ile barua ya kwanza. Kila mwendesha posta alikuwa anaamini yuko peke yake, mtu wa kujua hawako peke yao alikuwa ni yule anayepokea malalamiko na kuyalinganisha.

Na huko huko, tangu sheria ya mwaka 1967, mwananchi mwenye malalamiko dhidi ya wizara akitaka yafike kwa msuluhishi wa bunge, yaani yule anayechunguza malalamiko dhidi ya ofisi za serikali, lazima yapitie kwa mbunge. Maana yake meza ya mbunge ikilala, mlango mzima umefungwa. Ndo maana nasema mstari mmoja hautoshi.

Kitu kingine kinachovuruga hesabu za wiki ya mbunge ni pesa za miradi. Kenya walianza mfuko wa maendeleo wa majimbo mwaka 2003, na Tanzania nao wakaweka sheria ya mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo mwaka 2009. Siwezi kubeza madarasa yaliyojengwa wala watoto waliosoma kwa basari, huo ni msaada wa kweli na mzazi aliyesaidiwa analijua hilo kuliko mimi. Lakini Mahakama ya Juu ya Kenya mwaka 2022 iliitangaza sheria ya 2013 ya ule mfuko kuwa kinyume na katiba, na mwaka 2024 mahakama kuu ikasema hivyo hivyo kuhusu ile ya 2015, na sehemu ya hoja ni hii hii inayonisumbua mimi, kwamba mtu aliyechaguliwa kuisimamia serikali hapaswi yeye mwenyewe kuwa ndo mtekelezaji. Akienda kukagua darasa lililojengwa na mfuko anaousimamia, atamuuliza nani maswali magumu?

Alafu kuna suala la usalama, na hili naliandika kwa uchungu. Jo Cox, mbunge wa Uingereza, aliuawa tarehe 16 Juni 2016 akiwa anaenda kuonana na wananchi wake pale Birstall. Mbunge mwenzake wa huko, David Amess, aliuawa tarehe 15 Oktoba 2021, ilikuwa siku ya Ijumaa, ndani ya ukumbi wa kanisa Leigh-on-Sea, amekaa anasikiliza watu. Marekani, mbunge Gabrielle Giffords alipigwa risasi ya kichwa akapona, Tucson tarehe 8 Januari 2011 kwenye mkutano na wapiga kura, watu sita wakafa. Toka hapo nasikia hoja kwamba haya yote yahamie kwenye intaneti na simu. Naelewa hofu, na wawekewe ulinzi, watu waandikishe miadi, ofisi iwe na mlango wa pili, sina ubishi kabisa. Ila yule mama wa herufi moja asingeweza kunielezea tatizo lake kwa fomu ya mtandaoni. Hakujua tatizo lenyewe ni herufi, alichojua ni kwamba hawamlipi. Tuliligundua kwa kuweka zile karatasi mbili mezani moja pembeni ya nyingine.

Sasa ombi langu, Mhariri. Mkiandika tena wiki ya mbunge, kabla ya kumuuliza alitembelea wapi muulizeni Ijumaa walikuja watu wangapi, mangapi yamefungwa, mangapi yanasubiri na yanasubiri ofisi gani, na lipi limejirudia mpaka akaamua kulipeleka bungeni. Hakuna haja ya majina ya watu, siri zao zibaki kwao, namba na aina ya kero zinatosha. Ofisi inayotunza daftari itakujibu ndani ya dakika tano. Isiyotunza itakutumia picha.

Na ile shule ya Jumatatu, mwalimu mkuu kwenye taarifa yenu alisema choo cha wasichana hakina maji na mbunge akaahidi kufuatilia. Mrudisheni mwandishi wenu pale baada ya miezi mitatu, bila kuwaambia kwamba anakuja, afungue ile koki. Nitalisubiri hilo gazeti.

Ni mimi msomaji wenu,
Mstaafu wa ofisi ya mbunge