Kikao cha Jumamosi: mahali pamebadilika

Majirani wapendwa, hamjambo? Poleni na kazi.

Kikao chetu kuhusu mtaa wetu wa River Road, Nairobi, hakitakuwa tena huko. Tukutane Bustani ya Jeevanjee, upande wa Moi Avenue, Jumamosi saa nane mchana. Njooni na watoto.

Toka bustanini tutatembea kidogo mjini, tukianzia Maktaba ya McMillan, Banda Street. Ilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi Waafrika hawakuruhusiwa kuingia. Natamani watoto wetu waisikie habari hiyo wakiwa wamesimama mbele ya nguzo zile zile. Kisha tutashuka Luthuli Avenue. Tangu 2019, ilipofanywa ya njia moja, ikapanuliwa pa kutembea na kupandwa miti, mtu anapita huko akipumua. River Road nayo inaweza. Lakini miti peke yake haitoshi: mtaa unataka watu wanaolala hapo, wanaopika hapo, na ngoma inayosikika baada ya maduka kufungwa. Hilo ndilo la kujadili tukirudi bustanini.

1. Mchango ni shilingi 300 kwa kila nyumba, za spika na chai. Tumeni kwa mweka hazina kabla ya Alhamisi saa mbili usiku. Aliyebanwa aniambie kando, ila asikose kuja.
2. Vijana wa ngoma, fikeni saa saba.
3. Mwenye picha za zamani za mtaa azilete, hata moja.

Tafadhali kila mmoja ajibu hapa "Nipo" au "Sipo", na idadi ya watoto, ifikapo Alhamisi hiyo hiyo. Asanteni sana.