Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Kikundi cha Wakulima wa Mwani

Assalamu alaykum ndugu wanachama.

Kazi za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tulifunga mbegu kila bamvua, maji yanapokupwa sana, tukanunua kamba na taitai, vile vikamba vya kufungia mbegu, tukakarabati chanja mbili za kuanikia, tukamzika mwenzetu mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wanachama 46, waliolipa ada kamili 17, mikutano 4. Wa mwisho tulihudhuria 9, na wawili kati yao walikuja kuulizia mkopo. Mengine ya fedha atasoma mweka hazina, akifika.

Sasa lile la magunia. Yanayosemwa maharusini yamenifikia: mwenyekiti ana kiburi, kawakatalia wenzake magunia 6 mizanini. Ni kweli nilikataa, na leo ningekataa tena. Mliniambia, "Mwani ni mwani." Sivyo. Spinosamu na kotonii, tunazolima tangu biashara hii ianze Unguja mwaka 1989, ni mwani mwekundu, na mnunuzi anachofuata ndani yake ni karajinani, ute wa kugandishia vyakula. Mlichoshindilia chini ya magunia ni Sargassum, mwani wa kahawia unaotupwa ufukweni na mawimbi, hauna gharama ya kamba wala ya jasho.

Niliubeba hadi mjini kwa nauli yangu, ambayo hadi leo sijarudishiwa, nikamuuliza mtaalamu. Jenasi hii ilipewa jina na Carl Agardh wa Sweden mwaka 1820. Ni ya familia ya Sargassaceae, oda ya Fucales, na ina spishi zaidi ya 300. Ule mgumu wenye umbo la tarumbeta na meno ukingoni, maana nao niliukuta, ni Turbinaria, wa familia hiyo hiyo. Ukahawia wao unatokana na rangi iitwayo fukozanthini, na ute wao ni alijineti, si karajinani. Kwa nasaba, mwani wa kahawia uko karibu zaidi na diatomu, vile vijimea visivyoonekana kwa macho, kuliko na spinosamu yetu.

Anayedai hakuweza kutofautisha anisamehe. Sargassum hushika mwamba kwa kitako, una shina, una vitu kama majani, mara nyingi vyenye meno, na vibofu vya hewa mfano wa pilipili manga vinavyouinua kuelekea juani. Spinosamu haina jani wala kibofu. Nilipomwaga gunia la kwanza, juu ilikuwa spinosamu safi, katikati weusi ukaanza kuingia, na nilipokanyaga ya chini vibofu vikapasuka pa, pa, pa. Watoto walicheka. Mnunuzi hakucheka.

Na aliyesoma kwenye simu kwamba Sargassum huelea maisha yake yote, hiyo ni S. natans na S. fluitans za Atlantiki. Wa kwetu huota mwambani. Mnaosoma, someni mpaka mwisho.

Mwaka ujao, inshallah, tutatazama kama Sargassum unaweza kutufaa kwa mbolea ya mashamba, na mafunzo yakipatikana tutakwenda. Chanja nyingine pia, ada zikilipwa.

Magunia yale 6 bado yako stoo, nyuma ya mlango, na yameanza kunuka. Wenyewe wayachukue kabla ya bamvua lijalo. Majina ninayo.