Barua kwa Mwanaisha kuhusu hasara ya kibanda

Leicester, 9 Julai 2018

Mpendwa dada yangu Mwanaisha,

Assalamu alaikum. Sisi hatujambo, na watoto wanakusalimu. Bi Zainabu tunamwombea nafuu. Nitampigia simu Ijumaa.

Nimeharakisha kukuandikia kwa sababu ya picha uliyonitumia ya fomu ya ruzuku ya kodi (tax credits, msaada wa serikali kwa familia zenye kipato kidogo). Kibanda chako cha sambusa kilipata hasara ya pauni 3,200 katika mwaka wa kodi wa 2017/18, nawe umejaza sifuri upande wa biashara, kisha mshahara wa shemeji, pauni 17,000, ukauandika mzima. Tafadhali usiitume hivyo. Katika ruzuku hii mume na mke huhesabiwa kipato kimoja, na hasara ya mmoja hupunguzwa kwenye kipato cha nyumba nzima, hata kama mwenye mshahara hajawahi kukanyaga kibandani. Kipato chenu, basi, ni pauni 13,800.

Mwaka wa kodi uliotangulia, 2016/17, mlikuwa na pauni 17,500, kwa hiyo mmeshuka kwa 3,700. Pauni 2,500 za mwanzo za mshuko huo hazihesabiwi, inabaki 1,200 ya kupunguza, na ruzuku ya 2017/18 itapigiwa hesabu kwa 16,300. Ukiacha fomu kama ilivyo, watu wa mamlaka ya kodi watashika 17,500 ileile, na kwa kuwa kila pauni ya kipato inayozidi kiwango hukata peni 41 za ruzuku, hapo tu mnapoteza pauni 492. Linaloniumiza zaidi ni mwaka huu, kwa sababu malipo yake huanzia kwenye kipato cha mwaka uliopita, yaani hizo 13,800 kamili, si 17,000 ulizoandika.

Mhasibu alipokuambia kwamba hasara imepelekwa mbele kungoja faida, alisema kweli kuhusu kodi ya mapato. Ruzuku ina hesabu yake: hasara hutolewa kwanza kwenye kipato cha nyumba cha mwaka uleule, na inayobaki ndiyo inayongoja faida ya biashara ileile. Sharti ni kwamba uwe unauza kwa nia ya kupata faida, kwa hiyo zile risiti za unga, mafuta na pango la kibanda zilizomo kwenye kopo la biskuti usizitupe, hata zilizofifia wino.

Wala usikubali kuhamia Universal Credit, ule msaada mpya unaochukua nafasi ya ruzuku hii, kabla hatujakaa pamoja, kwani ukishaomba huko, huwezi kurudi tena huku. Tangu Aprili mwaka huu hasara inaweza kupelekwa mbele huko pia, lakini haigusi mshahara wa mume.

Je, fomu ingali mikononi mwako? Shemeji anajua kwamba mwisho ni tarehe 31 Julai? Hesabu za mwaka 2016/17 mnazo? Nije Jumamosi tuwapigie simu pamoja hao wa mamlaka ya kodi?

Dada yako,
Rukia