Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa mwaka: zana zetu mikononi mwa wengine

Ndugu wanachama,

Mwaka jana nilisimama hapa nikaahidi kwamba kamati itaandaa mafunzo ya kukamata virusi. Hatukuyafanya. Mwezi Machi mwenzetu mmoja, msimamizi wa mifumo katika ofisi ambayo sitaitaja, alivamiwa na wezi wa mtandao, na uchunguzi wote uliofuata haukukuta kirusi hata kimoja. Antivairasi ilikuwa ya kisasa na ilikaa kimya, na kwa kweli ilikuwa na haki ya kukaa kimya, kwa sababu kila programu waliyoitumia wezi ilikuwa halali na baadhi tulikuwa tumeziweka sisi mafundi. Mwizi alikuja mikono mitupu, akapandia ukuta kwa ngazi ya mwenye nyumba. Kamati ikaona mafunzo ya virusi yasubiri.

Mambo yalianzia kwa mhasibu. Alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa wa benki, akaelekezwa kupakua programu ya kusaidiwa kwa mbali, ile aina isiyohitaji kusakinishwa wala ruhusa ya msimamizi. Njia hiyo si ngeni: Januari 2023 vyombo vya usalama wa mtandao vya Marekani vilitoa onyo kuhusu AnyDesk na ScreenConnect kutumiwa hivyohivyo, katika utapeli wa kurudishiwa pesa. Kwenye kompyuta ya mhasibu wezi wakakuta faili dogo lililoitwa "printa", na ndani yake neno la siri la akaunti ya msimamizi wa ofisi nzima. Fundi aliliacha pale siku alipokuwa akirekebisha printa, ili asilisahau. Msimcheke. Nitafika kwangu.

Toka hapo wakahamia kwenye seva kwa PsExec, zana ya Microsoft ya kuendesha amri kwenye kompyuta nyingine kwa mbali. Seva iliandika kwenye logi, yaani daftari lake la matukio, tukio namba 7045, huduma mpya iitwayo PSEXESVC imewekwa. Mafundi wawili wa ofisi ile waliliona tukio hilo, na kila mmoja akadhani ni kazi ya mwenzake, maana wote wanaingia kwa akaunti ileile. Kisha ikaja PowerShell, programu ya Windows ya kutekeleza amri zilizoandikwa, na mstari wake wa amri ulikuwa na -enc ikifuatiwa na SQBFAFgA na msururu mrefu wa herufi. Asiyezoea ataona takataka. Lakini herufi hizo nane ni neno IEX lililofungwa kwa Base64, njia ya kugeuza data kuwa msururu wa herufi, na IEX ndiyo amri inayoiambia PowerShell ichukue maandishi iliyopewa na kuyatekeleza. Nimezibandika ukutani ofisini kwangu.

Saa ndiyo iliyowapoteza. Tukio la PowerShell lilisomeka 23:05, yaani saa tano na dakika tano usiku, na bakapu ya ofisi ile huanza saa tano kamili ikitumia PowerShell pia. Wakaridhika. Ila Sysmon, zana ya Microsoft ya kurekodi matukio ya kompyuta, ndani ya tukio huandika saa za UTC, yaani saa za kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Ilikuwa saa nane usiku, bakapu ikiwa imeshamaliza zamani. Siku mbili zilipotea hivyo, hadi kijana aliyekuwa hapo kwa mafunzo ya vitendo akauliza: kama hii ni bakapu, mbona inaamriwa kutoka kompyuta ya mhasibu? Waya wa mtandao ulichomolewa kabla chai ya saa nne haijamiminwa.

Swali la yule kijana limetufundisha kuliko semina zote nilizohudhuria. Hakuuliza programu hii ni nzuri au mbaya. Aliuliza nani ameiita, kutoka wapi, na kama huyo ana kawaida ya kuiita. Word ikifungua PowerShell, kuna jambo. Kompyuta ya masjala ikitumia certutil kupakua faili kutoka intaneti, kuna jambo, kwa sababu certutil ni ya mambo ya vyeti vya usalama na masjala haina shughuli navyo. Anayeamuru nakala za kivuli za diski, zile Windows inazojiwekea ili faili ziweze kurejeshwa, zifutwe kwa vssadmin katikati ya usiku anaweza kuwa fundi mwenye sababu zake, lakini apigiwe simu usiku huohuo.

Wapo waliosema kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba haya ni ya nchi kubwa. Ni kweli mifano mikubwa ni ya huko. Tarehe 27 Juni 2017 NotPetya, programu ya uharibifu, ilianzia Ukraine, ndani ya sasisho la programu ya kodi iitwayo M.E.Doc, na pamoja na kutumia udhaifu wa Windows ilisambaa kwa PsExec, WMI (njia ya Windows ya kusimamia kompyuta kwa mbali) na maneno ya siri iliyoyaokota kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Nakala yake ya PsExec iliipa jina la dllhost.dat, kwa hiyo aliyekuwa akiitafuta kwa jina asingeiona. Kampuni ya meli ya Maersk ililazimika kusakinisha upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 katika siku kumi. Na sijui kama mnajua kilichowaokoa: seva zao zote zenye orodha ya watumiaji zilifutika isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Sisi tunaolalamikia mgao tuliisoma habari hiyo mara mbilimbili. Mei 2023 Microsoft na serikali tano zikaeleza habari za kundi la wadukuzi lililopewa jina Volt Typhoon, lililokaa ndani ya miundombinu ya Marekani likitumia wmic, ntdsutil, netsh na PowerShell. Februari 2024 ikaelezwa kwamba katika baadhi ya maeneo lilikuwa limekaa walau miaka mitano. Programu hizo nne ni za Windows yenyewe, na nyingi zimo kwenye kompyuta na seva tulizozisakinisha wenyewe.

Kwa hiyo kazi ya mwaka ilikuwa moja. Kila ofisi ya mwanachama iandike orodha ya zana inazotumia yenyewe, nani anazitumia, kutoka kompyuta ipi na saa ngapi, kisha iwashe logi na kuuliza kila kilicho nje ya orodha. Kuwasha kwenyewe si kugumu. Tukio 4688 huandika kila programu inayoanza, lakini mstari wake wa amri hauandikwi mpaka uwashe mwenyewe kwenye sera ya kikundi (Group Policy, mipangilio ya pamoja ya kompyuta za ofisi), na bila mstari huo unajua tu kwamba PowerShell ilifunguka, hujui ilitumwa nini. Tukio 4104 hurekodi skripti zenyewe zikiwa zimeshafunguliwa kutoka kwenye ule mfungo. Sysmon ni ya bure. Na logi zitumwe kwenye kompyuta nyingine, kwa sababu logi ya usalama kwenye Windows ya kawaida ina nafasi ya megabaiti 20 tu kisha inaanza kufuta za zamani, na mwizi mwenye akili huifuta yote. Akiifuta huacha tukio 1102, alama pekee ya mlango uliosafishwa.

Wiki ya kwanza arifa zilimwagika, na karibu zote zilitutaja sisi. Hapa ndipo ninapofika kwangu. Arifa ya kwanza ofisini kwangu ilisema kuna mtu anatumia PsExec usiku, kwa akaunti yenye mamlaka yote, kuingia kompyuta baada ya kompyuta. Alikuwa mwenyekiti wenu, anasukuma madereva ya printa. Nimekuwa nikifanya hivyo miaka mingi, na mwizi angeweza kupita nyuma yangu bila mtu kushtuka. Sasa nina akaunti yangu ya kazi za usimamizi, yenye jina langu, na naitumia kutoka kompyuta moja tu. Ofisi ambazo bado zina akaunti moja ya mafundi wote zinajijua, na kamati haitazisoma hapa.

Mwanachama mmoja alilalamika kwamba tunawapeleleza wafanyakazi. Lalamiko lake lina uzito. Logi hizi zina majina ya watu na saa zao, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kamati imeagiza zisomwe na watu wawili tu kwa kila ofisi, na wafanyakazi waarifiwe kwa maandishi kwamba zipo.

Ada na matumizi ataeleza mweka hazina. Ombi letu liko ukurasa wa mwisho wa hesabu zake: kompyuta mbili zilizotumika na diski moja ya nje, kwa ajili ya mazoezi ya kila robo mwaka. Moja itashambuliwa na wenzetu kwa zana halali tupu, ya pili itapokea logi, na wengine watatafuta. Kijana aliyeuliza habari ya bakapu amekubali kusimamia zoezi la kwanza, na ameomba saa zote siku hiyo zisomwe kwa UTC.