Kwa mdogo wangu anayekwenda Muheza kufundisha kuweka akiba

Mdogo wangu,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Mama kaniambia umekubali kujitolea Muheza, uwafundishe akina mama kuweka akiba na kukopeshana kwa vikundi, na kuendesha biashara zao. Nimefurahi. Ila yale makabrasha ya chuo, mpango wa biashara wa kurasa ishirini, yaache hukohuko hosteli.

Anza na vitumbua. Muuzaji mmoja akiridhia, muulize mbele ya wenzake anapata faida kiasi gani kwa siku. Tuseme atakwambia elfu tatu na mia tano: vitumbua 80 kwa mia mbili mbili ni 16,000, ukitoa 12,500 za mchele, nazi, sukari, mafuta na hamira. Muulize mkaa. "Ah, mkaa nachota wa nyumbani." Andika 1,500. Watoto wamekula vingapi kabla ya kwenda shule? Sita. Andika 1,200. Imebaki mia nane, na hapo hajajilipa kwa kuamka saa kumi alfajiri. Usije ukamkataza kuwapa watoto, hicho ndicho kifungua kinywa chao. Viandikwe tu.

Hesabu hii itangulie mkopo. Mwenye mia nane kwa siku, akiuza siku 26, ana 20,800 kwa mwezi. Akikopa laki moja ya miezi mitatu, rejesho peke yake, riba bado, linapita 33,000 kila mwezi. Atatoa wapi? Ataenda kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba kubwa, akope alipe deni la kikundi, na wale hawangoji mwisho wa mwezi, wanapita kila jioni. Vikundi vingi humruhusu mwanachama kukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Sawa, lakini hakuna aliyelazimishwa kufika huko.

Bei ya hisa, yaani kile kipimo cha akiba ambacho mwanachama hununua kwenye kikao, nayo uiangalie. Muheza hela ni ya machungwa, kwa hiyo wasiipange wakati malori yanapakia na kila mtu anajiona tajiri. Iwe bei ambayo msimu ukiisha, hata aliyekaukiwa ataweza kununua hisa moja. Mwenye nazo anunue tano kwa kikao, basi.

Sanduku la fedha za kikundi liwe na kufuli tatu, funguo zikae kwa watu watatu, na anayelala na sanduku asiwe na hata mmoja. Wewe usipokee ufunguo wala usishike kalamu ya daftari lao. Watakuomba, maana umesoma na mwandiko wako unasomeka. Kataa. Siku ukiondoka na kikundi kinaondoka nawe, hukufundisha kitu. Kabla ya kufunga, fedha zihesabiwe kwa sauti na kila mtu akariri salio, ili kikao kijacho walitaje kabla sanduku halijafunguliwa. Niliwahi kumwona bibi mmoja asiyejua kusoma akimsahihisha karani kwa mia tano. Daftari lilipofunguliwa, bibi ndiye aliyekuwa sahihi.

Watakuuliza pia mkopo wa halmashauri. Upo, hauna riba: asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Kikundi lazima kisajiliwe, na usajili watauhitaji hata wasipokopa huko, tangu ilipokuja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaelekeza. Ila aliyekuja kwa ajili ya hela hiyo tu utamjua: hanunui hisa, anauliza tarehe. Mimi ningemshauri mwenyekiti asimwandike.

Halafu posho. Siku ya kwanza wataulizana iko wapi, wamezoea semina za soda na bahasha. Waambie mapema, kabla hawajakaa, kwamba hakuna. Baadhi wataondoka. Endelea na waliobaki, hata wakiwa kumi na tano wanatosha kabisa. Daftari za kaunta nimeshanunua mbili, Mama atakuja nazo Jumapili.