Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: maadili yafundishwe kando ya kitanda

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu madaktari wanaosomea ubingwa, na hasa namna wanavyojifunza kuomba ridhaa ya mgonjwa.

Usiku mmoja nilimvusha mama yangu kwa feri kutoka Likoni, tumbo limemfura, nikamfikisha hospitali ambayo sitaitaja. Aliyempokea alikuwa kijana anayesomea upasuaji, mwenye adabu. Alimwamkia, akampima kwa uangalifu, kisha akaleta fomu ya Kiingereza na pedi ya wino. "Mama, tia kidole hapa tukusaidie." Mama akatia, akafuta kidole kwenye pindo la leso, ndipo akanigeukia: "Mwanangu, wataka kunipasua wapi?" Namshukuru Mungu alipona, na daktari yule simlaumu, kwani naamini alifanya kama alivyowaona wakubwa wake wakifanya.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inataka mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yaliyopo, manufaa, hatari na gharama zake, pamoja na haki yake ya kukataa, na, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Dharura ina nafasi yake kisheria, lakini mama alikuwa na fahamu zake timamu, na tulingoja saa tatu nzima kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji.

Sidhani kijana yule hakuijua sheria. Angeulizwa kwenye mtihani angejibu. Ila maadili yanayoishia darasani hayamfikii akiwa peke yake wodini saa nane za usiku. Mwanafunzi wa upasuaji haachiwi kisu mpaka mwalimu amtazame mara nyingi na kumsahihisha mkono. Je, ni nani humtazama anapoomba ridhaa? Isitoshe, bingwa ndiye anayempa alama, kwa hiyo hata akitambua kwamba mgonjwa hakuelewa, ni vigumu mno kumwambia mkubwa wake kwamba upasuaji usubiri kidogo. Hofu hiyo haiondolewi kwa mhadhara. Huondoka pale bingwa mwenyewe anapovuta kiti, akaketi na mgonjwa na kumweleza bila haraka, huku wanafunzi wake wakisikiliza.

Kwa kuwa hospitali za kaunti ziko chini ya wizara yako, nakuomba ukubaliane na vyuo vinavyoleta wanafunzi huku kwamba kila anayesomea ubingwa atazamwe akimweleza mgonjwa kwa Kiswahili, na mgonjwa aombwe kurudia kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa. Kazi hiyo ihesabiwe katika alama zake kama inavyohesabiwa kazi ya mkono. Muuguzi naye aruhusiwe kusema, "Daktari, huyu bado hajaelewa," bila kukemewa.

Fomu za ridhaa nazo ziandikwe kwa Kiswahili chepesi. Rasimu ikiwa tayari, niko radhi kuisoma na wazee wa mtaani kwetu, tukuonyeshe panapowatatiza kabla haijachapishwa.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Likoni